Duka la Mtaa Likiomba Leseni ya Pombe

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Mwenye duka, yule yule ambaye mnanunua mkate na sukari kwake, ameomba leseni ya kuuza vileo, na mwenye maoni ayapeleke kabla ya tarehe iliyotajwa. Huenda wewe ni mjumbe wa kamati ya leseni ya kaunti ndogo. Huenda ni mkazi tu, au mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliyeombwa barua. Vyovyote iwavyo, neno lako lina uzito. Likienda upande mmoja, pombe itakaa rafuni humo mwaka mzima. Likienda upande wa pili, mtu atakosa riziki aliyokwisha kuipigia hesabu.

Katika vikao vya aina hii nchini Kenya, mazungumzo hukwama mapema kwa sababu ya maswali mawili yasiyosaidia. La kwanza ni kama pombe ni nzuri au mbaya. Bunge lilishalijibu: ni bidhaa halali, inauzwa kwa masharti, na kamati ya leseni haikuundwa kuhubiri. La pili ni kama mwombaji ni mtu mzuri. Atasimama mzee mmoja aseme anamjua tangu utotoni, hajakosa harambee hata moja, hana neno na mtu. Yote hayo yaweza kuwa kweli na yasihusiane na leseni hata kidogo. Muuza pombe hupata pesa kwa kuuza, lakini leseni hupewa kwa kutazama zile mara ambazo hatauza: kwa mtoto aliyetumwa, kwa mlevi ambaye tayari anayumba, kwa mteja anayebisha dirishani usiku wa manane, kwa msambazaji aliyekuja na katoni za bei ya kutiliwa shaka. Basi swali la kwenda nalo ni hili: mtu huyu, katika duka hili, ataweza kukataa? Wapo watu wema wasioweza kumkatalia mtu chochote, na wapo wakali wasiopendwa na mtaa ambao wangeifaa leseni hiyo sana.

Sheria kwanza, kwa ufupi, maana wengi huja kikaoni na sheria ya kusikia. Msingi ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeipigania bungeni. Katiba ya mwaka huo huo iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na kaunti zimejitungia sheria zake. Nairobi ilitunga yake mwaka 2014. Kwa hiyo usiamue kwa mambo uliyosimuliwa kuhusu kaunti ya shemeji yako. Nenda ofisi ya kaunti ndogo uulize mambo matatu: aina ya leseni iliyoombwa, saa za kuuza zinazoambatana nayo, na siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi. Aina ya leseni ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Leseni ya kunywea papo hapo na leseni ya kununua na kwenda zako ni vitu viwili mbalimbali, na mwenye duka karibu kila mara huomba hii ya pili. Saa nazo hufuata aina. Baa, kwa mfano, sheria ya 2010 iliziwekea saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu.

Wengi wanaujua umri wa miaka 18, na wengi wamesikia kipimo cha mita 300 kutoka shule. Kipimo hicho kiliwekwa hasa kwa ajili ya mahali pa kunywea, kwa hiyo ukitaka kukitumia dhidi ya duka la kununua na kwenda, hakikisha kwanza sheria ya kaunti yako inasemaje. Kuna kipengele kingine kisichotajwa sana, na kwa maoni yangu ndicho kinachogusa duka la mtaa zaidi. Duka kubwa la kujihudumia halipewi leseni mpaka kamati iridhike kwamba sehemu ya pombe haifikiwi na walio chini ya miaka 18. Duka kubwa lina nafasi ya kutenga pembe na kuweka mlinzi. Duka la mtaa lina upana wa mlango mmoja na dirisha. Kama mwenye nafasi anadaiwa ukuta, asiye nayo tutamdai nini?

Jibu halimo kwenye fomu. Nenda ukalitazame duka lenyewe, na usiende mara moja tu saa nne asubuhi wakati kila duka nchini lina utulivu wa kanisa. Nenda asubuhi watoto wakielekea shule. Nenda Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nenda, kuliko vyote, jioni, wakati wa sufuria kutengwa jikoni.

Chukua duka la kawaida la grili, aina iliyojaa mitaani kuanzia Kisauni hadi Kawangware. Nondo zimepanda kutoka kaunta hadi darini, na katikati pana kitundu cha kupitishia mkate. Wateja wote husimama nje, kwenye varanda ya saruji ya hatua mbili. Mtoto wa darasa la pili ameinua mkono wenye noti ya shilingi mia, anataka unga wa nusu na mafuta ya kupimiwa. Nyuma yake yupo mwendesha bodaboda anayeagiza sigara kwa kupaza sauti juu ya kichwa cha mtoto. Pembeni kuna benchi, na juu yake wazee wawili wanabishana kuhusu mechi. Ongeza pombe hapo. Chupa ndogo ya robo itapitia kitundu kile kile, juu ya kichwa kile kile. Itafunguliwa wapi? Leseni itasema si hapo. Lakini benchi lipo, taa ipo, soda ya kuchanganyia ipo, karanga zipo, na mvua ikinyesha hakuna mwenye duka atakayemfukuza mteja varandani. Hivyo ndivyo duka linavyogeuka baa bila mtu yeyote kuamua ligeuke. Baada ya miezi mitatu, mama wa yule mtoto ataacha kumtuma jioni, na duka litakuwa limewapoteza wateja wa unga ili kuwapata wa robo.

Kwa hiyo ukifika hapo, jiulize mambo ya kushikika. Kuna mlango wa pili, au hata dirisha la pili, ambalo laweza kuwa la vileo pekee? Benchi laweza kuondolewa, na mwombaji yuko tayari kuliondoa kabla ya uamuzi na si baada? Chupa zitakaa wapi, rafuni kando ya biskuti au kwenye kabati lenye kufuli? Sheria inakataza walio chini ya miaka 18 kuruhusiwa kuingia pombe inapohifadhiwa, na katika maduka mengi ya familia stoo ndiyo njia ya kwenda chumbani. Watoto wa mwenye duka hulala nyuma ya katoni. Hilo lisemwe wazi kikaoni, hata kama linaudhi.

Tazama pia takataka. Zunguka nyuma ya duka na kwenye mtaro. Vifuniko na chupa tupu mahali ambapo leseni bado haijatolewa vinaeleza mengi kuliko barua za sifa. Vyaweza kuwa vya baa ya jirani, kweli, ndiyo maana utamuuliza mwenyewe na kumsikiliza. Aliyekwisha kuanza kuuza chini ya kaunta huku akisubiri leseni amekujibu swali lako kuu, na si rahisi kumtetea.

Sasa mtu mwenyewe. Leseni huandikwa jina moja, lakini kaunta hushikwa na watu wengi. Muulize mwombaji mbele ya wote: jana saa mbili usiku, nani alikuwa anauza? Mara nyingi jibu ni binti yake wa kidato cha tatu, au kijana aliyeajiriwa juzi kutoka kijijini, analala dukani na hamjui mtu mtaani. Binti hafai kabisa kuuza pombe, hilo halina mjadala. Kijana wa miaka 20 anaruhusiwa, lakini fikiria hali yake: yuko peke yake nyuma ya nondo, mbele yake wamesimama wanaume watano wenye kiu wanaojua jina lake na mahali anapolala, na tajiri wake amemwambia mauzo ya leo yasipungue ya jana. Huyo atakataaje? Mwombaji asiyekuwepo dukani jioni, wala asiye na mtu mzima wa kutegemewa hapo, ana duka zuri la mchana. Leseni anayoomba ni ya usiku.

Mpe mtihani mdogo wa maneno. Mwambie: mtoto wa fundi amekuja na pesa, anasema baba kamtuma mzinga wa pombe, na baba ni mteja wako wa miaka mingi, utafanyaje? Wengi husema watampigia baba simu kuthibitisha. Ni jibu la heshima, na ni jibu baya, kwa sababu baba atathibitisha, na mtoto ataondoka na chupa. Jibu linalotakiwa ni kwamba mtoto anarudi mikono mitupu na baba anakuja mwenyewe, hata akikasirika. Muulize pia kuhusu vijana ambao umri wao hausomeki usoni. Huko Uingereza maduka mengi hufuata utaratibu uitwao Challenge 25: umri wa kununua ni 18, lakini yeyote anayeonekana hajafika 25 huombwa kitambulisho, na anayekataliwa huandikwa kwenye daftari. Utaratibu huo haudai mashine wala umeme, na duka la grili laweza kuufuata kesho asubuhi. Mwombaji akiusikia akacheka kwamba hapa kwetu watu hawaulizani vitambulisho, andika hilo.

Onyo moja hapa: usimtume mtoto kununua ili kumnasa mwenye duka. Nimesikia likipendekezwa na watu wazima wenye akili timamu. Ni kumtia mtoto katika kosa ili ushinde hoja. Waulize wazazi wanaotuma watoto dukani hapo, na uulize kuhusu sigara. Jinsi duka linavyouza sigara moja moja kwa wanafunzi ndivyo litakavyouza robo.

Kuna kitu kimoja kamati hazikiombi kamwe na zingefaa kukiomba: daftari la madeni. Kila duka la mtaa linalo, lile la kurasa za mistari lenye majina ya utani na tarakimu zilizokatwakatwa. Mama Fulani, unga, sabuni, shilingi 240. Baba Fulani, maziwa, mkate. Daftari hilo ndilo linalozifikisha familia nyingi mwisho wa mwezi, na mwenye duka anayelitunza vizuri anastahili heshima. Pombe ikiingia humo, mambo hubadilika. Baba anachukua robo kwa deni siku 12, zinaandikwa kwenye ukurasa ule ule wa unga, na siku ya mshahara mwenye duka anakata chake kwanza. Mama akija, anaambiwa deni limejaa, alipe ndipo apewe sukari. Sijui njia ya haraka zaidi ya kuuvuruga mtaa, na hakuna polisi wa kuitwa kwa ajili hiyo. Basi muulize mwombaji: vileo utauza kwa deni? Akisema hapana, muulize mara ya mwisho kumnyima mteja deni ilikuwa lini na ilikuwaje, bila kutaja jina. Aliyezoea kukataa ana mfano mdomoni. Asiyezoea ataanza kueleza jinsi anavyowahurumia watu.

Kama duka pia ni la wakala wa M-Pesa, ongeza swali. Kibarua anakuja kutoa ujira wake kwenye kaunta inayouza robo. Si sababu ya kumnyima mtu leseni, lakini ni sababu ya kudai madirisha mawili.

Halafu uliza bidhaa zitatoka wapi. Hapa usione haya kuwa mdadisi, maana hapa watu hufa. Mwaka 2000 pombe yenye sumu iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mwaka 2014 ikaua tena makumi katika kaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Februari 2024 wasiopungua 17 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe ambayo serikali ilisema ilikuwa imetoroshwa kutoka kituo cha polisi, ilikokuwa imehifadhiwa kama kielelezo cha kesi. Aghalabu mkosaji ni methanoli, spiriti ya viwandani inayofanana na pombe ya kunywa kwa sura na kwa harufu. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho kwanza, ndiyo maana manusura wengi hubaki vipofu. Mwenye duka hawezi kuigundua kwa kuonja. Anachoweza ni kujua anayemuuzia.

Mwambie alete jina la msambazaji na mfano wa risiti. Muulize kama anajua kuihakiki stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, ile iliyobandikwa kwenye kifuniko, kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Mtake aonyeshe kwa simu yake hapo hapo. Ni jambo la nusu dakika. Kisha mpe kisa: msambazaji mgeni amekuja na pikipiki usiku, anauza katoni kwa theluthi mbili ya bei ya kiwandani, stempu zipo lakini zinabanduka kwa ukucha. Kila mtu atasema hatanunua. Wewe sikiliza anachoongeza baadaye. Mwenye kuijua biashara atakwambia kwamba bei ya chini hivyo haiwezekani kama ushuru umelipwa, na kwamba hata chupa ikifika sokoni kihalali, chupa tupu hununuliwa na wahalifu ili zijazwe upya.

Pesa ndizo zitakazompima huyu mtu kila jioni, kwa hiyo fanya naye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ada zote za mwaka zinafika shilingi 40,000 na kila robo inamwachia shilingi 20. Lazima auze robo 2,000 kabla ya kuona senti ya faida, yaani tano au sita kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Mtaa wake una wanywaji wangapi wenye pesa za robo halali? Kama jibu ni wachache, mwisho wake unaonekana: atafungua mapema, atafunga kwa kuchelewa, atapimia kwa kifuniko, au atamsikiliza yule wa pikipiki. Mwombaji aliyekuja na hesabu yake imeandikwa, hata kwa penseli, amenipunguzia mashaka mengi. Yule asemaye Mungu atafungua njia namwombea heri, lakini simpi leseni.

Sasa majirani. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia pombe. Kwa wastani, basi, saba kati ya wanane wanaofika kwenye kaunta hiyo hawakufuata kileo, na hao ndio ambao hawaji kikaoni. Watafute. Mama mboga aliyepanga meza mbele ya duka, mwenye nyumba za kupanga upande wa pili wa barabara, mwalimu wa chekechea, walinzi wa usiku. Uliza idadi ya sehemu za kuuza vileo zilizopo tayari. Sheria yenyewe inataka kamati ipime wingi wa sehemu za kunywea dhidi ya wingi wa watu, na hata kwa duka swali hilo ni la haki. Tembea uzihesabu kwa macho yako, maana orodha ya ofisini huacha zile za uani.

Pingamizi za maandishi zisome kwa jicho kali. Barua yenye saini 60 kwa mwandiko mmoja ni barua ya mtu mmoja. Na mtu huyo, mara kadhaa, ndiye mwenye baa iliyo kona ya pili, ambaye ghafla amejawa na uchungu kuhusu maadili ya watoto. Ana haki ya kusema kama mkazi mwingine yeyote, ila aseme kwa jina lake. Kadhalika barua za kuunga mkono: ukiona zote zimetoka kwa wapangaji wa mwombaji, unajua cha kufanya nazo. Maoni yenye thamani ni yale yanayotaja mahali, saa na jambo. "Duka hili litaleta uhalifu" ni hofu. "Kila Jumamosi baada ya saa tatu usiku vijana hukaa kwenye ngazi za duka hili, na mwenye duka hajawahi kuwaambia waondoke" ni ushahidi, na mwenye duka anaweza kuulizwa kuuhusu.

Aulizwe kweli, tena uso kwa uso. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki na wa utaratibu, na anayeumizwa na uamuzi huo hupewa sababu kwa maandishi; Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inafafanua zaidi. Maneno ya pembeni ambayo mwombaji hakuyasikia yasihesabiwe. Mjumbe mwenye baa, au mwenye kumkodisha mwombaji chumba, atangaze na atoke nje. Kwa yule ambaye dini yake inamkataza pombe, ushauri wangu ni kwamba abaki kama anaweza kupima masharti ya sheria kama yalivyo. Kama moyoni jibu lake ni hapana kwa kila mwombaji, naye atoke. Halafu kuna wanaonyima kwa sheria ambayo haipo. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi 21, na wapo waliorudi mitaani wakidhani tayari imekuwa sheria. Pendekezo ni pendekezo. Mwombaji hupimwa kwa sheria iliyopo siku ya kikao.

Hoja moja itajitokeza lazima, nayo ni hii: ukimnyima huyu, watu watakwenda kwa mama pima, muuza chang'aa wa uani. Ina ukweli nusu. Penye uhaba wa pombe halali ya bei nafuu, chang'aa ya uani hustawi; ndiyo sababu sheria ya 2010 iliiondoa chang'aa kwenye marufuku ili itengenezwe na kufungashwa kwa kiwango. Lakini mnywaji wa glasi ya shilingi 30 hahamii robo ya bei mara kumi kwa sababu imewekwa karibu naye. Na wanaohama, wengi huhama kwa deni, na hapo tunarudi kwenye daftari. Kwa hiyo hoja hiyo isikubabaishe. Kama kuna pango la chang'aa isiyo na leseni mtaani, ni kazi ya chifu na polisi, na leseni ya duka haitalifunga.

Ukishapima haya, mara nyingi utajikuta katikati: mtu anafaa, duka halifai. Hapo usikubali kwa huruma ukitumaini atarekebisha. Mwambie akaweke dirisha la pili, aondoe benchi, anunue kabati lenye kufuli, kisha arudi. Fundi wa kutoboa ukuta na kuweka grili ndogo ni gharama ya kawaida kwa mtu aliye tayari kulipa ada za leseni. Hali ya pili, duka zuri na mtu asiyefaa, haina dawa ya saruji. Na ukikubali, masharti yaandikwe kwa namna ambayo askari au jirani yeyote anaweza kuyathibitisha kwa kutazama. "Mwenye leseni azingatie maadili" haliwezi kukaguliwa. Andika hivi badala yake: vileo viuzwe kupitia dirisha la upande wa mashariki pekee, pasiwe na kiti wala benchi nje ya duka baada ya saa kumi na mbili jioni, auzaye awe na miaka 18 au zaidi na jina lake liwe limewasilishwa ofisini, hakuna kileo kwa deni, kila anayekataliwa aandikwe tarehe, saa na sababu katika daftari linalokaa kaunta. Soma masharti hayo kwa sauti kikaoni, kwa lugha ambayo mama mboga anaielewa, ili mtaa mzima ujue kilichoahidiwa.

Leseni ni ya mwaka, na watu wengi husahau kwamba siku ya kuihuisha ni kikao kama hiki cha kwanza, ila safari hii kuna rekodi. Mwite mwenye duka aje na daftari lake la kukataa na risiti za msambazaji. Likiwa limejaa mwandiko wa siku moja, kalamu ile ile kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, liliandikwa jana usiku. Likiwa tupu kabisa, muulize imekuwaje duka lililo njiani mwa shule, lenye vijana kwenye ngazi kila Jumamosi, halikupata mtu hata mmoja wa kukataliwa kwa miezi 12.